Safu ya Ushauri: Bastola ya rangi ya fedha iliyobabuka au nyeusi mpya?

Fundi, asalaam aleikum.

Nina duka la jumla Ngamiani, Tanga: unga, sukari, mafuta ya kula, na dirisha la wakala wa pesa za simu. Nafunga saa tatu usiku na kurudi Mikanjuni kwa bodaboda, mara nyingi nikiwa na mauzo ya jioni ambayo hayakuwahi benki. Maombi yangu ya kumiliki bastola yamepita, mafunzo nimemaliza, kilichobaki ni kuchagua silaha yenyewe ili namba yake iingie kwenye leseni.

Muuzaji ameniwekea rivolva mbili, zote za risasi aina ya .38 Special. Ya kwanza ni Smith & Wesson 642 Airweight, ya rangi ya fedha, imetumika, mwenyewe anaiuza. Pembeni karibu na mshiko imebabuka, inatoka ngozi kama kucha iliyopakwa rangi ikaanza kubanduka. Ya pili ni Ruger LCR nyeusi, mpya, nusu yake inaonekana ya plastiki na hilo ndilo linalonitia shaka. Mzee mmoja hapa barazani kaniambia: chukua iliyo nyepesi zaidi, hutaihisi mfukoni.

Nichukue ipi? Ijumaa navaa kanzu, je, itakaa? Na kwa joto na chumvi ya hapa, mafuta ya cherehani yanatosha, au ya nazi? Maana hayo ndiyo ninayouza.

Mwenye Duka, Ngamiani

Waaleikum salaam, ndugu yangu.

Mzee wako hajakosea kuhusu mfuko. Mfukoni hutaihisi. Mkononi ndiko utakakoihisi, na hapo ndipo wengi wanaonunua bastola hizi hujutia.

Tuuondoe uzito njiani kwanza. 642 ikiwa tupu ina gramu 410 hivi, LCR ya .38 ina gramu 383 hivi. Tofauti yake haifiki uzito wa risasi mbili. Zote zinabeba risasi tano, zote zina mtutu wa inchi 1.875, yaani karibu milimita 48, na zote nyundo yake imefichwa ndani ya mwili, kwa hiyo hakuna kitu cha kunasa kwenye kitambaa. Ukizipima kwa mizani utakuwa unachagua kati ya pacha.

Ila wepesi wenyewe, wa zote mbili, una gharama. Ipo Ruger SP101, ya chuma kitupu, nayo ni ya risasi tano, ina gramu mia saba na ushei. Piga humo risasi ileile ya .38 na nguvu ya teke inayofika kiganjani ni karibu nusu ya ile utakayoipata kwenye LCR, kwa sababu chombo kizito kinasukumika polepole. Bastola nyepesi inaruka. Risasi kumi za kwanza utavumilia, ya ishirini kifundo cha kidole gumba kinauma, na baada ya hapo mkono unajifunza ujanja mbaya: unaisukuma chini sekunde ile kabla haijalia, risasi inachimba mchanga. Mtu akishafika hapo huacha mazoezi, anabaki na chuma cha kutembea nacho. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa bastola ya mfukoni huwa ni ipi utakubali kupiga nayo risasi hamsini kila baada ya muda, mwaka hadi mwaka.

Sasa triga. Hapa ndipo pacha wanapoachana. Triga ya 642 ikitoka kiwandani huhitaji nguvu ya karibu kilo tano na nusu, na inazidi kuwa ngumu kadiri unavyoivuta mpaka inapoachia. LCR ilipoingia sokoni mwaka 2009 sifa yake kubwa ilikuwa ndani: kamu, kipande kinachopokea mvuto wa triga, iliyochongwa kupunguza msuguano, hivyo mvuto wake ni laini na sawasawa, kwa kawaida kilo nne hadi nne na nusu. Usiniamini mimi. Mwombe muuzaji azitoe zote tupu, aonyeshe matundu matano ya risasi yakiwa wazi, nawe utie kidole kila tundu. Kisha weka sarafu ya shilingi 50 juu ya mtutu, nyuma kidogo ya nundu ya kulengea, elekeza ukutani na uvute triga taratibu mpaka nyundo igonge. Rudia mara kumi kwa kila moja. Ile inayoangusha sarafu mara nyingi zaidi ndiyo itakayokosesha shabaha usiku.

Ukiwa na mizani ya ndoana kama ile wanayopimia samaki Deep Sea, hata kipimo utakipata: ndoana kwenye triga, bastola tupu, vuta mpaka iachie, soma. Kwenye 642 fanya hivyo kwa lazima, kwa kuwa imetumika. Ikisoma kilo tatu na nusu au nne, usifurahi. Kuna fundi aliingia ndani akabadilisha au kukata springi ili iwe laini. Springi iliyolegea hugonga fataki, kile kidude cha kuwasha baruti kitakoni mwa risasi, kwa unyonge, risasi hailii, na hutajua mpaka siku unayoihitaji.

Hilo la kubabuka lisikutishe sana, wala usilipuuze. Mwili wa 642 ni aloi ya alumini, na juu yake wamepaka rangi angavu ya kinga. Rangi hiyo haipendi jasho wala dawa kali za kusafishia, hasa zenye amonia, ndiyo maana inabanduka palepale mkono na mfuko vinapoigusa. Alumini iliyobaki wazi haili kutu nyekundu, itapauka na kuota madoa tu. Lakini inakwambia mwenyewe aliibeba karibu na ngozi muda mrefu bila kuifuta. Kwa hiyo tafuta chumvi ilipojificha: omba afungue mpira wa mshiko, uangalie springi na vichwa vya skrubu humo ndani. Ukikuta vishimo vyeusi kwenye chuma, hiyo bastola imeshakunywa jasho la kutosha.

Halafu fanya hili ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Fungua silinda, lile gurudumu linalobeba risasi, washa tochi ya simu, uangalie mwili chini ya mahali mtutu ulipokazwa, pale ambapo alumini ni nyembamba kabisa. Bastola za Airweight zikipasuka, hupasuka hapo: ufa mwembamba kama unywele, wima, kuanzia kwenye nyuzi za mtutu kushuka chini. Futa mafuta kwanza, maana mafuta huuficha. Ukiuona, rudisha bastola mezani na uage. Ufa huo hauchomelewi.

Kama haina ufa, funga silinda na uvute triga polepole kupita kiasi, huku kidole cha mkono wa pili kikigusa silinda kuipa ukinzani kidogo. Silinda lazima ijifunge, ukisikia "ta", kabla nyundo haijaanguka. Pima matundu yote matano, kwa sababu huenda manne yakawa mazima na moja likachelewa. Tundu linalochelewa halilingani na mtutu. Risasi hukwangua ukingo wa mtutu ikiingia, na vipande vya risasi hurukia pembeni, vikampata aliyesimama karibu nawe. Sukuma silinda mbele na nyuma ikiwa imefungwa. Ikicheza kwa kuonekana, imechoka. Nafasi kati ya silinda na mtutu unaweza kuipima kwa fila ya fundi magari, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya: iwe kati ya milimita 0.10 na 0.25. Zaidi ya hapo moto unapotea pembeni, chini ya hapo masizi kidogo tu yataifanya igome kuzunguka.

Na jambo la karatasi: mkubaliane bei vyovyote vile, ila 642 haihami kwa hati ya mauziano. Namba yake ihame polisi, kutoka jina lake kuja lako, ndipo utoke nayo mlangoni.

LCR nayo ina yake. Plastiki unayoitilia shaka haibebi mlipuko wa risasi. Silinda ni ya chuma kisichoshika kutu, mtutu umevishwa ndani ya mwili wa alumini, na plastiki ngumu ndiyo nyumba ya triga na mshiko. Inapunguza uzito, na jasho haliidhuru. Kasoro yake halisi iko kwenye kuachia triga. Ukishafyatua na kuiachia kidole, kuna mahali triga inatoa mlio mdogo kana kwamba imesharudi, kumbe bado. Mtu mwenye haraka akivuta tena kutoka pale, silinda huweza kuruka tundu bila kugonga. Dawa yake ni mazoea: kidole kiachie mpaka mwisho kabisa, hadi triga igonge mbele. Nunua risasi bandia tano, uzifyatue ndani ya chumba kisicho na risasi ya kweli hata moja, jioni kwa jioni, ishirini ishirini. Wiki tatu kidole kitakuwa kimeelewa. Kama baada ya wiki tatu bado unajikuta unakwama, basi LCR haikufai, usilazimishe.

Mpira wake pia una uzuri na ubaya. Unameza teke kuliko ule mwembamba wa 642, lakini unanata kwenye kitambaa cha pamba na kuvuta mfuko utoke nao. Ukivaa suruali za kitambaa laini, jaribu kabla hujanunua.

Kwa hiyo: chukua LCR. Ni mpya, triga yake itakuruhusu kufanya mazoezi, na hutakuwa umerithi jasho la mtu. Ningekugeuzia kwenye 642 kwa hali moja tu, kama haina ufa, matundu matano yamepita, mizani imesoma kilo tano na kitu, na mkono wako umeipenda kwa sarafu kuliko nyingine. Ikipita hayo yote ni bastola ya kuaminika, na kwa kuwa mshiko wake ni mwembamba hujificha vizuri zaidi. Muulize muuzaji pia funguo. 642 nyingi zina kitundu kidogo cha kufuli juu ya kitasa cha kufungulia silinda, na LCR ina kufuli chini ya mpira wa mshiko. Bastola isiyo na ufunguo wake ni usumbufu unaosubiri siku.

Risasi. Zote mbili zinakubali .38 yenye alama ya +P, yaani yenye shinikizo zaidi. Kwenye mtutu wa milimita 48 kasi utakayoongeza ni ndogo na teke utakaloongeza ni kubwa. Mimi ningekaa na ya kawaida. Za kujifunzia tafuta za kichwa bapa za grain 148 (gramu 9.6 hivi), ni pole mkononi na zinatoboa karatasi tundu safi la mviringo. Ubaya wake ni kwamba bapa halitelezi kuingia tunduni kwa haraka. Risasi utakazobeba zijaribu hivi: jaza tano, piga nne, toa ya tano bila kuipiga, uipime urefu kwa vernia, kile kipimio chenye taya, ukilinganisha na mpya kutoka boksi lilelile. Bastola nyepesi inaporuka nyuma, ganda linaenda nayo na kichwa kinabaki palepale kwa uzito wake, kama mzigo wa bodaboda dereva anapoondoka ghafla. Kichwa kikichomoka vya kutosha kitatokeza mbele ya silinda na kuifunga kabisa. Zikirefuka, badilisha aina, usizibebe.

Kutoa maganda nako kuna namna. Mtutu mfupi una fimbo fupi ya kutolea maganda, haisukumi ganda mpaka mwisho. Elekeza mtutu juu mbinguni, silinda ikiwa wazi, gonga fimbo mara moja kwa nguvu kwa kiganja. Ukiisukuma taratibu au bastola ikiwa imelala, ganda moja huteleza chini ya ile nyota ya kutolea na hapo utahitaji kijiti na utulivu. Punje za baruti zisizoungua hukaa chini ya nyota hiyohiyo. Silinda ikiwa ngumu kufunga baada ya mazoezi, sababu ni hizo. Mswaki wa zamani, mkavu, unamaliza kazi.

Kanzu: hapana. Mfuko wa kanzu umening'inia kwenye kitambaa chepesi. Bastola, risasi tano na ala yake ni nusu kilo, itapiga paja kila hatua na kila mtu msikitini atajua, achilia mbali kurukuu. Ijumaa ibaki nyumbani kwenye sanduku la chuma lililofungwa kwa boliti ukutani, risasi mahali pengine, na ufunguo uwe wako peke yako. Leseni ni ya jina lako, si ya shemeji anayelala dukani.

Siku nyingine ni mfuko wa mbele wa suruali, ndani ya ala ya mfukoni inayofunika triga yote, isiyopenyeka kwa kidole. Bastola hizi hazina kizuizi cha kubonyeza. Ugumu wa triga ndio kizuizi pekee, na funguo ya duka ikipenya pale inaweza kufanya kazi ya kidole. Mfuko huo usiingie kitu kingine, si sarafu, si tasbihi, si karanga. Mifuko mifupi ya suruali za kisasa haifai, mshiko hutokeza ukikaa.

Na kukaa ndiko kunakonipa wasiwasi kwako. Nyuma ya bodaboda paja limekunjwa, mdomo wa mfuko umebanwa, mikono miwili imeshika. Katika hali hiyo bastola ya mfukoni ni kama uliiacha dukani. Ningeanza kwa kupeleka pesa saa kumi badala ya kungoja kufunga, na kumpa dereva njia tofauti kila baada ya siku chache. Masharti ya kuibeba nje ya nyumba na duka yasome kwenye leseni yako na umuulize OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, mapema. Usitegemee ya barazani.

Kwenye nundu ya mbele paka tone la rangi ya kucha, nyeupe au ya machungwa, baada ya kuifuta kwa spiriti. Chini ya taa za barabarani nundu nyeusi hupotea, na ya fedha ya 642 hupotea zaidi.

Sasa mafuta yako. Ya nazi yabaki kwenye wali. Yakikaa ndani ya mashine huchacha na kunata, na unato ule hushika vumbi la mfukoni. Ya cherehani ni mepesi na safi, yanafaa kulainisha, lakini hukauka haraka na kwa kinga ya kutu ni dhaifu, kwa hiyo ukiyatumia yarudie kila wiki. Ukipata mafuta ya silaha yenyewe ni bora. Kila ukirudi, futa kwa kitambaa kikavu mahali ngozi ilipogusa, kisha kitambaa chenye unyevu wa mafuta tu. Wakati wa kaskazi, jasho likiwa linatiririka, usiruke hata siku moja. Mara moja kwa mwezi fungua mpira wa mshiko. Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi, kwa sababu ngozi hushika unyevu na kuulaza juu ya chuma usiku kucha. Ilaze wazi sandukuni na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja ndani ya boksi za viatu. Kibao cha pembeni cha 642 na nyumba ya triga ya LCR usivifungue mwenyewe.

Matone: moja kwenye mhimili wa silinda, moja kwenye fimbo ya kutolea maganda, moja kwenye mwanya wa triga, basi. Ndani ya matundu ya silinda pawe pakavu kabisa, kwa kuwa mafuta yanayotambaa huweza kupenya pembeni mwa fataki na kuiua risasi. Zile tano zinazokaa mfukoni, kila baada ya miezi sita zipige uwanjani na ujaze mpya.